Cha nani hiki? Kisa cha nyumba moja ya Temeke

Simu haikupigwa na mwenye nyumba. Alipiga binti yake aliyeko Mwanza, Juni 2025, na shida yake aliieleza kwa pumzi moja: mama anasafiri kwenda Tanga harusini, atakaa siku nne, je, siku nne zinanitosha kutoa takataka yote iliyomo ndani? Alitaka mama akirudi akute nyumba peupe. Kilichomtia hofu ni mkono. Wiki tatu nyuma mama yake, mwenye miaka 68, aliamka usiku kwenda msalani, akajikwaa kwenye viti vilivyopangwa koridoni, akauangukia mkono na kuuvunja kwenye kifundo.

Nilimwambia kazi naiweza, ila kwa mpango huo wa siku nne simo. Mwaka wangu wa kwanza katika shughuli hii nilikubali mpango kama huo kwenye nyumba nyingine, tena nikajisifu kwa kasi. Mwenye nyumba aliporudi alizunguka vyumba vyote bila kusema neno, kisha akaenda kuketi uani. Hatujasalimiana mpaka leo, na nilipata habari kwamba kabla ya mwaka kuisha nyumba ilishajaa kuliko mwanzo. Tangu hapo siingii nyumba ambayo mwenyewe hayupo.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana wengi wakiisikia huuliza kama mimi ni hausigeli wa kukodi. Kabla ya hapa nilisimamia usafi wa vyumba hotelini kwa miaka tisa. Marekani wanaofanya kazi hii wana chama chao tangu 1985. Hapa kwetu mtu akitaka kunielekeza kwa mwenzake hana hata neno la kunitajia, huishia kusema "yule dada wa kupanga nyumba". Sifui wala sipigi deki. Nakaa na mwenye nyumba, tunaamua kitu kimoja kimoja kibaki, kiondoke au kihamie wapi, kisha nahakikisha cha kuondoka kimeondoka kweli. Kuamua ndiko kugumu. Kubeba anaweza kila mtu.

Binti alikubali kwa shingo upande. Mama aliporudi kutoka Tanga nikaenda. (Mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili.)

Ni nyumba ya kawaida ya Dar: vyumba vinne, viwili kila upande, korido katikati, na uani kuna jiko, choo na bomba. Koridoni kulikuwa na viti vya plastiki vilivyobebeshwa mpaka karibu na dari, masufuria makubwa ya shughuli na maturubai yaliyoviringishwa. Ili kupita ilibidi ugeuke ubavu. Chumba cha mbele mlango ulifunguka nusu tu. Kwa ndani nikaona redio juu ya redio, televisheni za chogo, waya na makopo ya skrubu. Chumba kilichofuata kilikuwa na vitanda viwili vilivyosimamishwa ukutani, jiko la gesi la mtu, na mifuko ya shangazi kaja ambayo niliihesabu hadi 14 nikaacha. Uani kulikuwa na ndoo zilizotoboka na matairi manne yenye maji ya mvua za masika. Hayo nilimwomba tuyamwage palepale kabla hata ya chai. Dar imeshapigwa na homa ya dengi 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji ya namna hiyo hiyo, mlangoni kwa mtu.

Chumba chake mwenyewe kilinishangaza. Kitanda kimetandikwa, kanga zimekunjwa kwenye kabati, msala umeviringishwa pembeni. Kwa mpenda kulimbikiza, chumba cha kulala nacho mara nyingi huharibika. Hapa palikuwa safi.

Lazima nijiulize mapema kama nyumba ni ya kupangwa au ni ya kupeleka kwa daktari. Kulimbikiza vitu kupita kiasi ni ugonjwa unaotambulika: tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wanauorodhesha peke yake, na Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili kubwa si wingi wa vitu. Ni mtu kushindwa kuachana na kitu hata kama hakina thamani, na kuumia akilazimishwa, mpaka vyumba havitumiki tena. Kuna kipimo cha picha tisa cha kila chumba, ya kwanza nyeupe na ya tisa imejaa hadi juu. Mteja huonyesha picha inayofanana na kwake, na ikifika ya nne kwenda mbele unajua hapo kuna tatizo. Mama aliangalia picha kwenye simu yangu, akaonyesha ya saba kwa chumba cha mbele na ya kwanza kwa chumba chake. Alikuwa sahihi, na hiyo peke yake ilinipa moyo. Wapo wagonjwa wanaoona picha ya pili pale ambapo wewe unaona ya sita. Hata hivyo mimi si daktari, nikajiwekea mpaka: nikiona kutoa vitu kunamtesa, nasimama na kumwambia binti ampeleke hospitali ya Muhimbili.

Kikao cha pili binti naye alikuja. Alikuwa ametazama sana video za Marie Kondo, yule Mjapani anayekufundisha kushika kila kitu mkononi na kujiuliza kama kinakupa furaha. Mimi mwenyewe nimejifunza mengi kwake, hasa kukunja nguo zisimame. Binti akachukua redio moja iliyojaa vumbi, akampa mama yake.

"Mama, ishike vizuri. Inakufurahisha?"

Mama akaigeuza, akaipuliza. "Inifurahishe vipi, mwanangu, na si yangu? Hii ya mzee wa Mbagala."

Kwenye mpini wa redio ile kulifungwa kwa uzi kipande cha boksi. Kiliandikwa kwa kalamu ya bluu iliyofifia: jina la mtu, Mbagala, "spika", "kaacha 2,000", na tarehe 14/3/2009. Nikaiangalia ya pili, nayo ina kibandiko. Ya tatu, ya kumi. Marehemu mume wake alikuwa fundi redio, alifanyia kazi chumba kile cha mbele, akafariki 2012. Redio zote zile zilikuwa za wateja.

"Hizi ni amana za watu," Mama akasema. "Siku akija mwenyewe nitamwambia nini? Kwamba nimemtupia?"

Nikawaambia vijana wangu wawili waweke chini walichoshika. Nilikuwa nimeshapanga kazi kwa aina za vitu, kama nilivyozoea: nguo, vyombo, karatasi, vifaa. Mpango huo nikauchana. Nikakaa na Mama kwenye kigoda koridoni, tukaipitia nyumba upya kwa swali moja tu: cha nani hiki? Viti 80, masufuria sita na maturubai mawili yalikuwa mali ya kikundi cha kina mama wa mtaa, na yeye ndiye mtunza vyombo tangu kilipoanzishwa 2011. Redio 31 na televisheni sita, za wateja wa marehemu. Vitanda na jiko la gesi viliachwa na wapangaji wawili waliohama wakidaiwa kodi, wakasema watavifuata. Mifuko ya shangazi kaja ilikuwa ya wapwa, mabinamu na jirani mmoja aliyehamia Kibaha. Na humo ndani ya kila chumba palikuwa na vitu vya marehemu, ambavyo ni habari nyingine, nitaifikia.

Vyake yeye vilikuwa chumba kile kilichotandikwa, vyombo vya jikoni, na mfuko mmoja wa sandarusi chini ya meza. Mfuko huo nao nitaufikia, kwa aibu.

Hapa ndipo naona mbinu nyingi za vitabuni na mitandaoni zinapokwama kwetu. Zimetungwa kwa mtu anayeishi na vitu alivyonunua mwenyewe, kwa hiyo mgogoro ni kati yake na tamaa yake. Nyumba ya mama wa makamo wa Dar ni stoo ya ukoo na mtaa. Kila anayepita anaacha kitu "kwa wiki moja", na kumkatalia ni kujitangazia roho mbaya. Ukimuuliza mama huyu anakipenda kitu, unamuuliza swali lisilomhusu. Yeye hakuwa na ugumu wa kuachana na vitu, alikosa mamlaka ya kuvitoa.

Basi kazi ikawa kutafuta njia ya haki ya kurudisha kila amana. Tulinunua selotepu ya karatasi na kalamu ya wino mzito. Kila kitu kikabandikwa jina la mwenyewe. Vya wanaojulikana tukawapigia simu, nikisisitiza Mama aongee mwenyewe na ataje siku: mwisho wa Julai, baada ya hapo mwenye kitu anatoa ruhusa kitolewe au anakikosa. Kusema "uje uchukue" bila siku ndiko kulikoijaza nyumba.

Simu ya mpwa wake mmoja naikumbuka. Aliacha mfuko 2014 alipomaliza chuo.

"Shangazi, kwani ule mfuko bado upo? Mimi nilishasahau. Choma tu."

Mama alikata simu, akanitazama, akaanza kucheka mpaka akashika mkono wake wenye plasta. Mfuko ule ameuhamisha kila akifagia kwa miaka 11. Ndani mlikuwa na suruali mbili za jinzi, chaja ya simu ya Nokia yenye pini nyembamba, daftari la takwimu na kiatu cha mguu mmoja. Baada ya simu ile alichangamka. Siku hiyo tulipiga simu tisa, na mifuko kumi ikapata uamuzi kabla ya Alasiri. Jirani wa Kibaha peke yake ndiye aliyekuja kuchukua cha kwake.

Wapangaji walikuwa wagumu zaidi. Mmoja namba yake haipatikani, mwingine alikuja juu kwamba kitanda chake kiliuzwa (kilikuwa kimesimama palepale). Tulimwandikia mwenyekiti wa serikali ya mtaa barua, akawaita. Wa pili akaja na guta, akachukua kitanda na jiko, kodi hakulipa. Mama hakujali kodi. Alitaka mlango wa chumba ufunguke.

Kwa kikundi, Mama aliitisha kikao Jumapili. Sikuingia, nilikaa barazani, lakini sauti zilinifikia. Kulikuwa na mnong'ono kwamba ameanza kuringa kwa sababu binti yake ana hela. Mwisho masufuria, maturubai na viti 50 vikahamia kwa mwanachama mwenye stoo ya bati. Viti 30 vikabaki kwa Mama kwa ajili ya misiba ya ghafla, ila vitoke koridoni viende uani chini ya kibanda. Binti hakufurahi kuona viti 30 vimebaki. Mimi niliona ni ushindi, kwani msiba ukitokea usiku wa manane mtaa utagonga mlango uleule hata vikiwa wapi.

Redio ndizo zilizochukua muda. Mama alikwenda kwa shehe wa msikiti wa mtaa, akamwuliza afanyeje na amana za watu asiowajua walipo. Akaambiwa atangaze, asubiri, na wasipojitokeza auze na kutoa thamani yake sadaka kwa niaba ya wenyewe. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa serikali ya mtaa na kusomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa; siku 30. Nilifikiri hatakuja mtu. Walikuja wanne. Mmoja mzee wa makamo ya Mama alileta stakabadhi iliyokunjwa ndani ya pochi, ameitunza miaka yote. Redio yake haikuwa imetengenezwa. Kava la nyuma lilikuwa wazi na spika imechomolewa. Alitazama mwandiko wa marehemu kwenye kile kipande cha boksi, akauliza kaburi lipo wapi, akaifunga redio kwenye kanga ya mkewe na kuondoka nayo. Televisheni hakuna aliyezifuata. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar usiku wa 31 Desemba 2012, kila mtu akahangaikia king'amuzi na baadaye televisheni bapa. Zilizobaki zote walinunua mafundi na watu wa vyuma chakavu kwa 94,000. Pesa hizo Mama hakuzigusa hata kwa mkono. Alimtuma mjukuu azipeleke msikitini.

Sasa makosa yangu. La kwanza lilikuwa la saa. Siku ya tatu tulianza kutoa vitu barabarani saa nne asubuhi, kirikuu kimeegeshwa mlangoni. Kufikia saa sita jirani alishaingia kuuliza kabati ni shilingi ngapi, wawili wakauliza Mama anahamia wapi, na dalali akapita kuulizia bei ya nyumba. Mama akafunga mlango, akasema kazi imetosha. Hotelini uchafu hutolewa kwa mlango wa nyuma. Nilisahau kwamba nyumba nayo ina staha yake. Tangu siku hiyo tulitoa vitu baada ya Magharibi, vimefungwa, na kirikuu kikiwa kwenye kona.

La pili ni ule mfuko chini ya meza. Ndani mlikuwa na mifuko ya rambo, mamia, imekunjwa pembetatu moja moja kama sambusa. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia 1 Juni 2019, na Mama aliweka akiba yake kabla haijaadimika. Binti aliuona, akaurusha kwenye kirikuu, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Ni mifuko tu, nikajisemea. Tena siku hizi haramu. Jioni Mama akaitafuta. Hakugomba. Siku mbili zilizofuata hakutufungulia mlango, akasema kwa dirishani anaumwa.

Nilikuwa nimetumia wiki tatu kuuliza cha nani hiki kwa mali ya kila mtu wa Temeke na Mbagala. Kitu kilichokuwa chake bila ubishi tukakitupa bila kumwuliza. Nilikwenda peke yangu, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, mngeniuliza ningewapa wenyewe. Ningebakisha kumi za kuwekea mbegu za mchicha." Binti aliomba radhi kwa simu, kwa sauti ambayo bado ilikuwa inabishana.

Imebaki habari ya marehemu. Makoti yake, viatu, cherehani aliyorithi kwa mama yake, kabati la sebuleni, kitanda, hata nyumba yenyewe: hakuna kilichoguswa kwa miaka 13. Si kwa huzuni, kama nilivyodhani mwanzo. Mirathi haikuwahi kufunguliwa. Kuna watoto watano, wawili wa mke mwingine. "Mimi changu humu ni thumni," Mama aliniambia, kwani kwa hesabu za Kiislamu mjane wa marehemu aliyeacha watoto hupata 1/8. "Hiyo thumni ni ipi? Ni kabati, au ni mlango wa kabati?"

Tulipokuwa tukikung'uta makoti kwa ajili ya mende, kwenye mfuko wa ndani wa koti la kaki tukakuta noti 14 za elfu kumi, za toleo la 2003. Benki Kuu ilikuwa imetangaza kuziondoa noti za zamani, za matoleo ya 1985 hadi 2003, na mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa 5 Aprili 2025. Sisi tulizikuta Julai. Laki na arobaini ilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango muda wote ule, ikawa karatasi miezi mitatu kabla ya kuonekana. Mama alizirudisha mfukoni. "Nazo ni za mirathi," akasema.

Noti zile zilifanya ambalo mimi na binti hatukuweza. Habari ilipowafikia watoto wote watano, kila mmoja alianza kujiuliza ni nini kingine kinachooza mle ndani. Agosti wakakutana, wakampendekeza kaka mkubwa awe msimamizi, wakaenda mahakama ya mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kupeleka taarifa ya mali na madeni ya marehemu, na orodha niliyokuwa nimeiandika na Mama koridoni ilimpunguzia kazi nusu. Hati ya mauziano ya kiwanja, ya 1988, ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya risiti za LUKU zilizofutika maandishi. Makoti yaligawiwa. Vifaa vya ufundi, pamoja na ile pasi ya kulehemu yenye mpini wa mbao ulioungua, walikubaliana apewe kijana mmoja aliyewahi kujifunza kwa mzee.

Kwa hesabu: vikao 9 ndani ya wiki sita, saa tatu kila kimoja, maana baada ya hapo Mama alikuwa akijibu tu ili tumalize. Safari tano za kirikuu kwa 150,000. Mimi na vijana wangu 480,000, zilizolipwa na binti kwa simu, awamu ya mwisho ikichelewa kidogo kwa sababu ya vile viti. Kwenye picha tisa, chumba cha mbele kimeshuka kutoka ya saba hadi ya pili na kina mpangaji. Chumba cha vitanda bado kina mifuko mitatu ya mtu ambaye hatukumpata. Kabati la sebuleni lipo palepale likisubiri mahakama.

Novemba nilipita kumsalimu. Korido unatembea kifua mbele, na kwenye mkono wake plasta haipo. Karibu na mlango nikaona shangazi kaja mpya, imejaa, zipu imefungwa kwa kamba. Nikamtazama Mama. Akaniashiria nisogee: juu yake kulikuwa na selotepu ya karatasi, na kwa mwandiko wake ameandika jina la mpangaji wa chumba cha mbele, na chini yake, "anachukua Ijumaa".

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nikamwuliza ni Ijumaa ipi. Akasema ngoja kwanza niandae chai.